"Ukungu huu umeupataje?" Kisa cha mchoraji mmoja wa Moshi

Kazi yangu ni fremu. Nina karakana ndogo mjini Moshi, na kwa kuwa picha nyingi hunipitia mikononi kabla hazijafika ukutani, vijana wanaoanza kuchora huja kuniuliza mambo ambayo pengine wangemuuliza mwalimu wa chuo. Kisa hiki nimekisimulia kwa mdomo mara nyingi, sasa nakiandika. Mwenyewe kanipa ruhusa kwa sharti kwamba nisimtaje yeye, kijiji chake, wala hoteli. Nimebadilisha vipimo na mambo machache ya familia.

## Usuli

Nitamwita Mchoraji. Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na kitu, ana mke na watoto watatu, mmoja yuko bweni kidato cha tatu. Kwa miaka karibu ishirini aliishi kwa maandishi: vibao vya maduka, majina ya kwaya ubavuni mwa Koasta, ramani ya Tanzania na mfumo wa mmeng'enyo wa chakula kwenye kuta za shule za msingi. Mkono wake ulikuwa wa kuaminika. Angeweza kuandika LEO FEDHA KESHO MKOPO kwenye mlango wa bati bila kupiga mstari wa penseli, na herufi zikakaa sawa kama askari wa gwaride.

Halafu yakaja mabango ya kuchapwa kwa mashine. Kibao alichokiandika siku mbili kikawa kinatoka kabla chai haijapoa. Akahamia picha za watalii: Kibo na theluji yake, twiga wawili, Mmasai amesimama kwa mguu mmoja jua likizama. Ziliuzika, ila mwenyewe hakuzipenda. Alikuwa akisema na yeye sasa ni mashine ya kuchapa, tofauti ni kwamba ni ya polepole.

Neno moja kuhusu picha "zisizo na kitu", kwa sababu bila hilo hutaelewa kwa nini watu walimshangaa. Uchoraji tuliouzoea una kitu ndani yake. Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli juu ya hadibodi, alichora wanyama na ndege. Sam Ntiro, mtoto wa Machame aliyesoma Makerere, alichora watu wa mlimani wakilima na kubeba mizigo. Picha yake ya 1956 ya wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku iko New York, kwenye Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa. Kwa hiyo ukimwekea mtu wa Moshi picha ya sanaa dhahania, rangi na maumbo tu bila mtu wala mti, atakuuliza hii ni nini. Kwa Mchoraji swali lilikuja baya zaidi, kwa sababu walimjua kwa vibao. Walimuuliza: imeandikwa nini?

## Yaliyotokea

Mama yake alifariki mwishoni mwa Januari, akazikwa kihambani, kwenye shamba la migomba la familia. Matanga yalipokwisha, watu wakatawanyika, na ng'ombe wa marehemu walikuwa hawajala. Mchoraji akachukua panga, akaangusha mgomba, akaanza kuukatakata, bado amevaa shati jeupe la mazishini.

Anayeijua migomba anajua kilichofuata. Utomvu ukitoka ni kama maji, huuoni. Ukipigwa na hewa kidogo unakuwa rangi ya chai, kesho yake kahawa, na hapo hakuna sabuni itakayokusaidia. Shati lile hakulifua. Alilitundika kwenye chumba cha mama yake akawa analitazama. Siku zikienda, madoa yanakolea. "Mimi nimeshaweka panga chini," aliniambia baadaye, "na ile kitu bado inaendelea."

Kwaresima ilipoanza akaweka nadhiri. Siku 40, Jumapili akipumzika, kila alfajiri angechora kabla ya kusema neno na mtu yeyote, na asingetumia kitu cha kununua. Kitambaa kikawa mashuka ya marekani ya mama yake. Mbao za kukitandazia zikatoka kwenye banda la kuku. Ili kitambaa kikaze, alikipaka uji wa unga wa muhogo aliouona jikoni. Naomba msomaji aukumbuke huo uji.

Rangi ilikuwa utomvu. Alikata shina la mgomba kwa upana, kama mtu anayekata mkate, akaligandamiza kwenye shuka. Kama hujawahi kuitazama sehemu ile, itazame: magamba yamefungana duara ndani ya duara, na kila gamba lina vyumba vidogo vidogo vya hewa kama sega la nyuki. Alama hiyo yote inabaki kwenye kitambaa. Mwanzo haionekani, mchoraji anafanya kazi kama kipofu. Jua likipanda ndipo anaona alichofanya. Kwa rangi nyeusi alitumbukiza misumari yenye kutu kwenye mbege, pombe ya ndizi, iliyochacha, akaiacha siku kadhaa, kisha akapaka maji yake juu ya utomvu. Kutu ya chuma ikikutana na utomvu wa namna hii, weusi unaotoka ni wa wino kabisa.

Shida yake kubwa ilikuwa herufi. Mkono wa miaka ishirini hauachi. Duara la mgomba linageuka O, mstari wa panga unakuwa I, na akishaliona neno hawezi kuacha kulisoma. Aliweka daftari, mstari mmoja kila asubuhi, na amenikubalia nitoe michache:

"Siku ya 6. Nimeandika O tena. Nimepindua shuka juu chini."

"Siku ya 14. Sijaomba. Nimekata tu."

"Siku ya 15. Labda kukata ndiyo kuomba. Sijui. Mvua imeanza."

Mnaelewa jinsi kijiji kinavyoona. Alfajiri, panga, mbege iliyochacha, karibu na kaburi la mama, na mtu hataki kusalimiwa. Ikasemwa kwamba anatambika. Mzee wa kanisa akatumwa. Mchoraji hakubishana, na kwa nadhiri yake asingeweza hata kumjibu. Alimpa kigoda tu. Mzee akakaa mpaka jua likatoka, akasali Baba Yetu, akaondoka. Kesho yake akarudi, hakuna aliyemtuma. Taarifa aliyoipeleka naijua neno kwa neno maana ilizunguka hadi mjini: "Sijaona mizimu. Nimeona mtu anachafua mashuka ya mama yake."

Siku ya 33, masika yamekolea, alfajiri Mchoraji akawasha tochi ya simu. Kwenye shuka kubwa kuliko yote, kati ya maduara meusi, kulikuwa na utaji mweupe. Umeanzia chini kushoto, mzito, ukapanda ukipungua, ukapotea juu. Ulikuwa kama ule unaoteremka kutoka msituni asubuhi na kuikata migomba katikati. Daftari linasema: "Siku ya 33. Ukungu umekuja wenyewe. Sijagusa." Alipiga magoti palepale.

Wiki ya Pasaka alinishushia picha tatu kwenye Noah, zimefungwa kwa kanga. Fundi viatu jirani yangu, mzee wa Kiislamu, alisogea akaitazama ile kubwa muda mrefu. "Mangi, hii mimi sina shida nayo," alimwambia. "Msikitini kwetu hakuna picha ya mtu, ni mapambo tu, na mtu anatulia." Nadhani huyo alikuwa wa kwanza kutouliza imeandikwa nini.

Aliyefuata alikuwa meneja wa hoteli moja ya kitalii, aliyekuja kufuata fremu za vioo. Akasimama mbele ya picha kubwa.

"Ukungu huu umeupataje?"

"Umekuja wenyewe," akajibu Mchoraji.

Meneja akalichukua kama jibu la msanii. Akaagiza picha sita, kila moja mita 1.2 kwa 1.5, zenye ukungu kama ule, kwa miezi miwili, akalipa nusu. Akataka pia kila picha iwe na kadi ya maelezo kwa wageni, kuhusu safari ya kiroho ya mchoraji.

Siku tatu baadaye nikaanza kuipima ile kubwa. Kwanza harufu, kama godoro lililonyeshewa. Nikazima taa nikamulika tochi kwa ubavu: utaji wote ulikuwa na manyoya madogo madogo. Nikagusa ukingo kwa pamba, pamba ikatoka na kijivu. Ilikuwa kuvu.

Nikampigia simu, akaja. Nikamwambia, "Kaka, huu ni ukungu." Akasema ndiyo, ni ukungu. Nikasema namaanisha ukungu kweli. Akasema na yeye ndivyo alivyoona, kweli kabisa. Lugha yetu ilituchezea: wa mlimani ni ukungu, na wa kwenye mkate uliokaa ni ukungu. Ilinibidi nitaje mkate ndipo akanyamaza. Nikamweleza kwamba uji wa muhogo ni chakula, pamba ya shuka ni chakula, utomvu nao una utamu wake, na banda analochoria halina dirisha, tena masika. Akaondoka bila kuaga.

Alirudi baada ya wiki moja, akasimama mlangoni. "Mvua nayo ina maelezo yake darasani, Fundi. Na bado tunaiombea."

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuendelea na oda. Sababu ni ada. Sehemu ya malipo ya awali ilikuwa imeshakwenda shuleni. Akajaribu kuchora ukungu kwa rangi nyeupe ya maji iliyozimuliwa. Nilizitazama nikakosa la kusema. Ukungu ulikuwepo mahali sahihi, mwepesi sahihi, na picha imekufa. Kisha ikaanza kubanduka. Chini yake alikuwa ametanguliza rangi ya mafuta ya kung'aa iliyobaki kwenye makopo ya vibao, na rangi ya maji haishiki juu ya mng'aro usiopigwa msasa. Hilo analijua kuliko mimi! Nilipomuuliza kwa nini hakupiga msasa, alisema msasa ni wa kazi ya vibao.

Uamuzi wa pili alinificha mpaka ulipomshinda. Alijaribu kuuotesha ukungu kwa makusudi: shuka, uji, akafunika kwa nailoni mbichi akasubiri. Ulikuja, tena haraka. Madoa ya kijani na nyeusi kila mahali, kama ubavu wa ndoo ya zamani.

Uamuzi wa tatu nina mkono ndani yake. Alipouliza afanye nini na pesa ya watu, nilimsimulia habari za Mark Rothko, ambaye mwaka 1958 alipokea kazi ya kuchora picha kubwa kwa ajili ya mgahawa wa kifahari New York, akachora, kisha akaona si mahali pake, akajitoa na kurudisha fedha. Nilisimulia vizuri mno. Sikusema kwamba Rothko wakati ule alikuwa na jina na wanunuzi wengine, na huyu wangu alikuwa na karo. Kesho yake aliazima pesa kwa shemeji ili arudishe kila kitu kwa mkupuo. Nilimzuia njiani, karibu nimkimbilie na bodaboda.

Wa nne ulikuwa kumwambia meneja ukweli, na hapo sikumshauri, alikwenda mwenyewe akiwa na kipande cha shuka kwenye mfuko wa plastiki. Meneja alicheka, akasema bado anazipenda. Mwenye hoteli hakucheka: wageni wanalala na madirisha yamefungwa, wengine wana pumu. Alikuwa sahihi.

Na wa tano, mdogo kwa macho, ni kwamba hakuandika kadi za maelezo hata pale oda ilipokuwa hai. Nilimwona na kalamu mara mbili. Mara ya pili akaifunga. "Nikiandika, itakuwa kibao."

## Matokeo

Picha kubwa tuliisafisha. Kwanza tuliikausha kabisa kivulini penye upepo, siku nyingi, maana ukisugua kuvu mbichi unaisukuma ndani ya nyuzi. Kisha nje ya karakana, barakoa usoni, brashi laini kuelekea chini. Spiriti kidogo kwa pamba, baada ya kujaribu kwenye pembe kuona kama utomvu unahama, haukuhama. Ukungu wenyewe ukaondoka ukaacha doa la kijivu na manjano. Kwa kusema ukweli, picha ilipungua. Mbili ndogo zilipona bila alama.

Fedha iliyobaki mkononi aliirudisha. Iliyokwenda shuleni aliilipa kwa kazi, na kazi yenyewe, utacheka, ilikuwa maandishi: namba za vyumba vyote vya hoteli, kibao cha jikoni, na TAFADHALI USIKANYAGE NYASI kwa lugha tatu. Alisema hajawahi kufurahia kuandika hivyo tangu ujana.

Mwaka uliofuata alianza tena, ila safari hii kwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa badala ya uji, na banda akalitoboa dirisha. Maduara ya mgomba yapo, weusi wa misumari upo. Hoteli ilinunua mbili. Hazina ukungu wala kadi. Hutoa kama tano kwa mwaka, na vibao hajaacha.

## Uchambuzi

Vijana wakisikia kisa hiki hukimbilia uji wa muhogo, kwamba kosa ni uji. Uji ni kosa la kitaalamu, sawa, na fundi yeyote angelikamata. Mimi naona kosa lilianzia kabla ya uji, pale alipojigawa mikono miwili. Mkono mmoja ulikuwa wa vibao, unaojua msasa, gundi, muda wa kukauka, jinsi mbao inavyovimba masika. Mwingine ulikuwa wa alfajiri, na huo akaunyima kila alichojua ili uwe safi. "Hakuna kitu cha kununua" ilianza kama nidhamu nzuri, ikamfungua macho hata akaona rangi ndani ya mgomba ambao tumekuwa tukiwakatia ng'ombe maisha yote. Lakini ilimfanya pia aone msasa ni uchafu. Kila kilichooza au kubanduka katika kisa hiki kilioza mahali ambapo mkono wa vibao ulikuwa umekatazwa kuingia. Na picha zilipokuja kusimama, ni baada ya yeye kuandika namba za vyumba. Sidhani kwamba ni bahati tu.

Kilichofanya kazi tangu mwanzo ni saa na daftari. Saa ile ile, kimya kile kile, mstari mmoja. Daftari ndilo lililotuwezesha kujua mvua ilianza siku ya 15 na ukungu siku ya 33, yaani kuvu ilikuwa na siku zaidi ya kumi na tano za kujiandaa. Yeye analisoma daftari hilo hilo kama mazungumzo yake na Mungu na mama yake. Mimi nalisoma kama rekodi ya unyevu. Bado hatujagombana juu ya hilo.

Kimya mbele ya mzee wa kanisa nacho kilifaa. Angeeleza, angeingia kwenye mjadala wa tambiko na kanisa ambao hakuna anayeushinda kijijini. Aliacha mtu aone.

Palipoharibika vibaya ni kasi kati ya kuchora na kuonyesha. Siku ya 33 hadi kwa meneja hazikufika wiki tatu. Msweden Hilma af Klint, aliyeanza picha zake dhahania mwaka 1906 kwa msukumo wa kiroho, aliagiza zisionyeshwe mpaka miaka 20 ipite baada ya kifo chake, alifariki 1944. Simwambii mtu wa Moshi mwenye watoto bweni asubiri kaburi. Masika moja tu ingetosha. Picha iliyokaa banda lisilo na dirisha kuanzia Machi hadi Juni imekwisha kukuambia yote kuhusu gundi yake, na mchoraji naye amepata muda wa kujua kama alichokiona alfajiri bado anakiona mchana. Meneja alinunua mshangao wa mtu kabla mwenyewe hajaumaliza, tena akaagiza sita za namna hiyo kwa tarehe.

Kuhusu mimi: niliharakisha kusema ni kuvu. Ilibidi isemwe, maana picha ilikuwa inaliwa na karakana yangu ina picha za watu wengine. Lakini nilisema kama mtu aliyekamata mwizi. Ningeweza kumuuliza kwanza aliona nini. Na habari ya Rothko sasa nimeacha kuwasimulia wenye madeni.

Swali ambalo vijana huniuliza mwishoni ni kama Mchoraji bado anaamini ukungu ule ulikuwa jibu. Sijamuuliza. Picha kubwa, na doa lake, imetundikwa nyumbani kwa mama yake, si kwa kugusana na ukuta. Nimeweka vipande vya mbao kwenye pembe nne za nyuma ili hewa ipite. Masika yaliyopita alinitumia ujumbe wa neno moja: "Umerudi."

Nikamjibu afungue dirisha.